Dripu moja, na vidonge vya saa sita usiku

Mbarara, Ijumaa usiku

Swali ambalo faili za homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, yaani ile inayoletwa na fangasi, hunirudishia kila mara ni la saa. Dawa moja hutolewa mara moja tu, basi. Nyingine isipomezwa usiku wa manane, ya mchana imepotea bure. Wodini ratiba ya dawa huchukuliwa kama mpango wa manesi, kitu cha kusogezwa zamu ikizidiwa. Mimi naihesabu kuwa nusu ya dawa yenyewe.

Mgonjwa wa kawaida wa ugonjwa huu hapa kwetu anaishi na VVU, CD4 zake (chembe za kinga) ziko chini ya 100, kichwa kimemuuma wiki mbili au tatu. Mara nyingi huwa tayari ameshapewa dawa ya malaria kwenye kliniki ya mtaani, kisha seftriaksoni. Seftriaksoni ni dawa nzuri, lakini inavunja ujenzi wa ukuta wa bakteria, na ukuta wa fangasi umejengwa kwa malighafi nyingine kabisa. Kwa fangasi huyu haina kazi. Kipimo cha haraka cha antijeni, yaani alama za fangasi kwenye damu, tone la damu ya kidole na dakika 10 za kusubiri, kingeokoa wiki nzima.

Hata hivyo antibiotiki zimetufundisha somo moja ambalo kwenye fangasi linatufaa sana. Jentamisini huua kwa kilele: dozi ikiwa kubwa kwa mkupuo mmoja, bakteria wengi hufa, na hata dawa ikishashuka wanaobaki huchelewa kuinuka. Ndiyo maana siku hizi hutolewa mara moja kwa siku. Ampisilini ni kinyume. Kuiongeza maradufu hakuongezi sana kuua. Kinachohesabika ni saa ngapi imekaa juu ya kiwango cha chini kinachozuia bakteria asizaliane, na kwa kuwa nusu ya dawa huondoka mwilini kwa takriban saa moja, lazima irudiwe mara kwa mara. Seftriaksoni nayo iko kundi la ampisilini, ila yenyewe hukaa saa nane hivi kabla ya nusu yake kuondoka, kwa hiyo mara moja au mbili kwa siku inatosha.

Amfoterisini B, dawa ya dripu inayomuua fangasi huyu, iko upande wa jentamisini. (Kwa asili ni antibiotiki pia: ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa Streptomyces, bakteria wa udongo, katika sampuli iliyochukuliwa karibu na mto Orinoco, Venezuela.) Inashikamana na ergosteroli, mafuta yaliyo kwenye ngozi ya seli ya fangasi, na kadiri kilele kinavyopanda ndivyo inavyoua. Ikifungwa ndani ya vipovu vya mafuta, yaani ile ya liposomu, figo huhimili dozi ambayo ya zamani isingethubutu, na dawa hubaki kwenye tishu kwa siku nyingi. Jaribio la AMBITION, lililofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini na kuchapishwa Machi 2022, liliipima hoja hiyo: miligramu 10 kwa kila kilo, siku ya kwanza tu, pamoja na flusitosini na flukonazoli, dawa mbili za fangasi za kumeza, kwa siku 14. Vifo hadi wiki ya 10 vilikuwa asilimia 24.8, dhidi ya 28.7 kwa waliopata amfoterisini ya zamani siku saba. Madhara makubwa yalipungua pia. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaubadilisha mwongozo wake.

Kwa vile dozi ni moja, haina marudio ya kurekebisha kosa. Kosa la kwanza ni uzito. Mgonjwa aliyelala hapimwi, anakadiriwa kwa macho. Mtu wa kilo 45 akiandikwa 60, vichupa vinakuwa 12 badala ya 9. Mwombe ndugu yake apande naye mzani akiwa amembeba, kisha toa uzito wa ndugu. Kosa la pili ni maji. Kila kichupa cha miligramu 50 kinatiwa mililita 12 za maji ya sindano, si chumvi ya dripu, na kinatikiswa kwa nguvu sekunde 30 hadi uone umanjano wa mawingu usio na chembe. Kutikisa polepole kama insulini ni kuharibu. Sasa kila mililita ina miligramu 4. Kwa mtu wa kilo 50 unahitaji miligramu 500, yaani vichupa 10 na mililita 125: toa mililita 125 kwenye mfuko wa nusu lita wa deksitrozi ya asilimia 5, ingiza dawa badala yake kupitia kichujio kinachokuja na kichupa, pitisha kwa saa mbili.

Na hapa ndipo dawa ya bei hii humwagwa. Kabla ya dripu hii mgonjwa hupewa lita moja ya chumvi ya dripu yenye milimoli 20 za potasiamu ili kulinda figo, na ni vizuri. Lakini mpira uleule ukiunganishwa moja kwa moja kwenye dawa, chumvi iliyobaki ndani huigandisha. Utaona weupe kama maziwa yaliyochacha karibu na kanula. Suuza mpira kwa deksitrozi kwanza, au fungua mpira mpya. Seftriaksoni isipite njia hiyo kwa wakati huo.

Palipo na amfoterisini ya zamani peke yake, ni miligramu 1 kwa kilo kila siku kwa siku saba, ikizimuliwa hadi miligramu 50 kwa nusu lita ya deksitrozi, kwa saa nne au zaidi. Ikikimbizwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Potasiamu na magnesiamu huvuja kwenye mkojo, damu hupungua, kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) hupanda. Vidonge vya potasiamu vianze siku ya kwanza. Kungoja jibu la maabara ni kuchelewa.

Flusitosini ndiyo ya ratiba kali. Ilitengenezwa mwaka 1957 kama dawa ya saratani, ikashindwa, kwa sababu seli za binadamu hazina kimeng'enya cha kuigeuza kuwa sumu. Fangasi anacho, anajilisha sumu mwenyewe. Nusu yake huondoka kwa saa tatu hadi tano na kazi yake inategemea muda, ndiyo maana miligramu 100 kwa kilo kwa siku hugawanywa mara nne. Kilo 50 ni miligramu 5,000, kapsuli 10 za 500. Kumi kwa nne hakugawanyiki, na kapsuli haikatwi, kwa hiyo andika tatu, mbili, tatu, mbili: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Ukiandika tu “mara nne kwa siku”, zote zitaishia kati ya chai ya asubuhi na zamu ya jioni, na usiku fangasi anapumzika. Ndugu anayelala chini ya kitanda aelezwe, na simu yake itegwe kengele. Asiyeweza kumeza apewe kwa mpira wa puani.

Inatoka kupitia figo, na amfoterisini inaumiza figo. Mbili hizi zinafuatana. Kreatinini ikipanda usiikate dozi, panua saa: figo zikibaki na kasi ya mililita 20 hadi 40 kwa dakika, dozi ileile kila baada ya saa 12. Chembe nyeupe na sahani za damu zipimwe, maana dawa ikirundikana uboho ndio hulipa. Na isitolewe peke yake kamwe. Usugu hujengeka haraka.

Flukonazoli hainipi shida ya saa. Humezwa ikafika karibu yote kwenye damu, nusu yake hukaa saa 30, huingia vizuri kwenye maji ya uti wa mgongo: vidonge sita vya 200 mara moja kwa siku, wiki mbili. Udhaifu wake ni kwamba inamzuia fangasi bila kumuua. Vimelea vya Kampala vilivyopimwa miaka ya 2010 vilihitaji dawa nyingi zaidi kuliko vya mwishoni mwa miaka ya 1990. Mgonjwa akiwa kwenye rifampisini ya kifua kikuu, kiwango cha flukonazoli kinashuka kwa karibu robo.

Presha ya ubongo nayo haina dawa ya kumeza, na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ilileta madhara katika jaribio lililochapishwa 2016, Uganda ikiwamo. Tiba ni sindano ya mgongo. Watu wanaiogopa, wanasema inaua, kwa kuwa wanaokubali mara nyingi ni wale waliokwisha kuzidiwa. Mgonjwa alale ubavu. Sindano ikishaingia anyooshe miguu kabla hujasoma, maana aliyejikunja na kulia huonyesha presha isiyo yake. Bila bomba la kupimia, mpira wa dripu ulioinuliwa kando ya futi ya fundi cherehani unatosha. Ikizidi sentimita 25, toa maji hadi chini ya 20 au nusu ya ya mwanzo. Kwa kawaida mililita 20 hadi 30. Kichwa kikirudi kuuma, rudia kesho.

Ratiba ya mwisho ni ya ARV. Jaribio la COAT, la Uganda na Afrika Kusini, 2014, lilionyesha kuwa kwa walioanzishwa mapema vifo ndani ya wiki 26 vilifika asilimia 45, na 30 kwa waliosubiri wiki tano hivi. Wiki 4 hadi 6, basi. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi siku ileile dripu inapofungwa, pamoja na namba ya simu ya wodi, kwa sababu mgonjwa akirudi Isingiro au Ntungamo akiwa hajaanzishwa, musawo (mganga) wa kituo cha karibu atamwanzishia kesho yake kwa nia njema kabisa.