Kutoka Kigamboni hadi Mlimani na kipande cha faiba

Saa moja asubuhi pantoni ilituvusha kutoka Kivukoni hadi Kigamboni, kwenye karakana ya boti za faiba. Hapo ndipo bawa la mtambo wa upepo la mita 2.5 litakapoundwa, na modeli yake ya kompyuta ilikuwa imepewa ukakamavu, yaani ugumu wa kupindika, wa gigapaskali 40. Hiyo ni namba ya nyuzi za glasi zilizolazwa upande mmoja na kujaza zaidi ya nusu ya ujazo. Karakana hii inatumia mkeka wa nyuzi fupi, rezini ya poliesta (plastiki ya maji inayoshika nyuzi) na hadina, dawa ya kuigandisha, asilimia 1 hadi 2. Jua likishakolea, rezini huganda mapema na mapovu hunasa ndani.

Ili kujua ukakamavu halisi, tulikata kipande cha faiba yao, tukakifunga kwenye gazeti, tukapanda mwendokasi hadi Ubungo na bajaji hadi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwenye maabara, gramu 10 ziliingia tanuri la nyuzijoto 565. Rezini yote ikaungua, zikabaki gramu 3.1 za glasi nyeupe, zimelala ovyo kama mabua yaliyomwagwa. Kwa uzito ni asilimia 31, lakini modeli inataka ujazo: glasi ina gramu 2.55 hivi kwa sentimita ya ujazo, rezini 1.2, hivyo glasi ni asilimia 17 na ushei tu. Ukakamavu wa faiba ya namna hiyo ni kama gigapaskali 8.

Tulipoingiza 8 badala ya 40, kwa mzigo ule ule, ncha iliyopinda sentimita 9 ikapinda 45. Mnara uko umbali wa sentimita 30! Bawa hilo lingejipiga kwenye mnara.

Dawa yake ni kitambaa cha nyuzi za upande mmoja kwenye mhimili, uti unaobeba mzigo wa bawa, kuanzia shina hadi ncha. Mkeka ubaki ngozi ya nje. Kitambaa kikienda upande digrii 10 tu kutoka kwenye mstari, gigapaskali 40 hushuka hadi karibu 33. Kosa hilo hilo hujificha kwenye modeli pia, hasa pale shina la mviringo linapogeuka kuwa umbo la bawa, kwani mwelekeo wa elementi, vipande vidogo vinavyounda modeli, huweza kugeuka kimyakimya. Tulichora mishale ya mwelekeo na kuikagua mmoja mmoja.

Jioni tulivuka tena na chaki, kupiga mstari wa mhimili kwenye ukungu wa kuundia bawa.