Nilivyoifuatilia Diepe Grond Jukwaani

Mstari wa kwanza niliouandika katika historia ya maonyesho ya Diepe Grond ulikuwa na kosa, nami sikuligundua mpaka nilipokwisha kuujengea kurasa sita. Niliweka 1986 kuwa mwaka wa onyesho la kwanza kwa sababu ndio uliopigwa chapa kwenye nakala yangu ya tamthilia hiyo ya Kiafrikaans ya Reza de Wet, ambamo Frikkie na dada yake Soekie, waliowaua wazazi wao, wanaishi katika nyumba ya shamba iliyochakaa na hatimaye wanamuua Grové, wakili aliyekuja kukagua hali ya mali. Kumbe wanafunzi walikwisha kuicheza mwaka 1985 kwenye Kampustoneel, shindano la maigizo ya vyuo la chama cha utamaduni cha ATKV, kabla haijaingia Market Theatre ya Johannesburg mwaka uliofuata.

Mwaka mmoja hapo si jambo dogo. Julai 1985 serikali ya P. W. Botha ilitangaza hali ya hatari katika sehemu kadhaa za Afrika Kusini, na tamthilia hii inalipindua lile shamba tamu la hadithi za watoto za Alba Bouwer, ambazo Waafrikana wengi, yaani Wazungu wenye lugha ya Kiafrikaans, walikua nazo. Kwa maoni yangu, asiyejua ni vijana wa vyuo walioanza kuyacheza maneno hayo mwaka ule hajaielewa historia yake.

Baada ya hapo nilibadili utaratibu. Nilichora jedwali lenye safu za tarehe, ukumbi, kikundi, mwongozaji na waigizaji, na mwishoni safu ya ushahidi, nikajiwekea sharti kwamba tangazo la gazeti linaonyesha tu kuwa onyesho lilikusudiwa, ilhali tahakiki ya mtu aliyeketi ukumbini ndiyo inayothibitisha kuwa lilifanyika. Kazi hii niliifanya zaidi kwa nyaraka za NALN, makumbusho ya fasihi ya Kiafrikaans yaliyoko Bloemfontein. Karatasi za programu ndizo zilizonisumbua, kwa kuwa baadhi yake zilitaja siku na tarehe bila mwaka. Kalenda ilinisaidia: Jumamosi ikiangukia tarehe fulani, hairudii tarehe hiyo mpaka ipite miaka 5, 6 au 11, kwa hiyo nilibaki na miaka michache tu ya kuchagua, na mara nyingi majina ya waigizaji yaliumaliza ubishi.

Kosa la pili lilitokana na jina. Kwa Kiingereza tamthilia hii huitwa African Gothic, na filamu iliyotokana nayo ilitoka mwaka 2014 kwa jina hilo. Mimi nilikuwa nimefungua majalada mawili kana kwamba ni kazi mbili. Niliyaunganisha, lakini maonyesho ya Kiingereza niliyatia alama ya pekee, maana lugha ya utotoni ambayo Soekie na Frikkie wanaicheza haiwezi kumchoma kwa namna ileile msikilizaji asiyelelewa nayo.

Safu niliyoiongeza mwisho ni ya mwigizaji wa Alina, yaya Mwafrika aliyebaki na ndugu hao shambani. Kwa kila onyesho ninaandika nani alimcheza na mwongozaji alimweka wapi jukwaani, na safu hiyo ndiyo ninayoendelea kuijaza hadi leo.