Bastola ya Kwanza ya Shabaha: Jibu kwa Mjomba wa Lanet

Tangu jamaa zangu wa Nakuru wapate habari kwamba hapa Ohio ninashiriki mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola, maswali hayajakoma. Mama, aliye Njoro, anataka tu kujua kama nimeandikwa kazi ya ulinzi. Mjomba wangu wa Lanet, mwanajeshi mstaafu, ndiye aliyeuliza la maana: bastola ya mchezo huu ina nini cha pekee, na mtu huichagua vipi? Ninamjibu hapa kwa sababu wapo Wakenya wenzangu huku wanaouliza hilo hilo.

Suala la karatasi hutangulia. Sheria ya shirikisho ya Marekani humruhusu mkaazi wa kudumu, yaani mwenye ile kadi ya kijani, kununua bastola, ilhali aliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuimiliki, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria yenyewe. Kumtuma rafiki akununulie kwa jina lake ni kosa la jinai, na sioni mchezo unaostahili kuhatarisha ukaazi wa mtu.

Sasa mchezo wenyewe, ambao huku huitwa bullseye. Mlengaji husimama na kunyoosha mkono mmoja tu, jambo ambalo Mjomba, aliyefundishwa kushika kwa mikono miwili, aliligunia sana. Kwanza hupiga polepole kutoka yadi 50, risasi 10 kwa dakika 10. Kisha husogea hadi yadi 25 na kupiga risasi 5 kwa sekunde 20, na hatimaye risasi 5 kwa sekunde 10. Kwenye yadi 50, duara la pointi 10 lina upana wa takriban sentimita 8.5. Mashindano kamili huwa na pointi 2700, na hupigwa kwa bastola ya .22 (namba hizi ni kipenyo cha risasi kwa inchi), kisha ya kipenyo kikubwa zaidi, kisha ya .45, ingawa wengi hutumia .45 moja kwa awamu mbili za mwisho.

Wanaoanza huuliza kuhusu mtutu, lakini mimi huwaelekeza kwenye kifyatulio, yaani kile kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke. Takriban kila bastola ya shabaha ya .22 inayouzwa leo hupiga vizuri kuliko mkono wa anayeanza, kwa hiyo usahihi wa mtutu si tatizo lake la kwanza. Kanuni hutaka kifyatulio cha .22 kihimili uzito usiopungua ratili 2, na cha .45 ratili 3.5. Hata hivyo, wepesi si hoja kubwa kama ulaini. Vuta pole pole huku macho yakiwa kwenye kilengeo cha mbele: kifyatulio kibaya hukwaruza, husita, kisha huachia kwa kishindo, na hapo utaona kilengeo kikizama chini kidogo. Kizuri huachia ghafla kabla hujajiandaa kushtuka. Dukani, omba ruhusa ya kujaribu bila risasi, na uulize kwanza kama aina hiyo inastahimili kufyatuliwa tupu, kwani si .22 zote zinazostahimili.

Baada ya hapo angalia mpini. Fumba macho, inua mkono kuelekea ukutani, kisha fumbua. Ikiwa vilengeo vya mbele na nyuma viko karibu kulingana bila wewe kukunja kiganja, bastola hiyo inakufaa. La sivyo, utapigana nayo mchana kutwa. Kidole nacho kisiguse ubavu wa bastola kinapovuta.

Kwa mwenye kipato cha kawaida, na hasa anayetuma pesa nyumbani kila mwezi, mimi ningependekeza Ruger Mark IV ya .22, ambayo vifyatulio bora vya kuibadilishia hupatikana kwa urahisi. Smith & Wesson Model 41, iliyoingia sokoni mwaka 1957, hutoka kiwandani ikiwa na kifyatulio kinachofurahisha, ila bei yake ni zaidi ya maradufu. Pardini ya Italia ni nzuri ajabu, lakini iache kwanza. Pesa inayobaki itumie kwa darubini ya nukta nyekundu, yaani kilengeo cha kioo kinachoonyesha nukta mahali unapolenga, ambayo mchezo huu huiruhusu tofauti na bastola za Olimpiki, na kwa risasi, maana risasi ndizo zinazofundisha.

Mjomba anashikilia kwamba mwanamume huanza na .45. Sikubaliani naye. Teke la .45, yaani jinsi inavyorudi nyuma kwa nguvu inapofyatuka, humzoesha anayeanza kukaza mkono na kufumba jicho kabla ya mlio, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kuitoa kuliko kuipata. Risasi zake pia ni ghali mno. Tena klabu nyingi huendesha mashindano ya .22 peke yake, pointi 900, hivi kwamba mtu anaweza kushindana msimu mzima bila kuigusa .45.