Shusha Stesheni

Jumapili usiku, Mtwara.

Nimerudi jioni hii kutoka kwa bibi, vumbi la salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, limenijaa hadi kwenye kope, na bado namsikia konda: "Stesheni wapo? Stesheni wasogee mlangoni!" Tulisogea watu wanne. Kwetu hilo ni jina la kituo tu, kama Mnazi Mmoja au Mtama. Mgeni akishuka pale ataona mkorosho, kibanda cha chipsi na vijana wa bodaboda waliolala juu ya pikipiki zao. Treni lilikoma kupita mwaka 1962.

Utotoni nilidhani stesheni maana yake ni mahali pa kusubiri gari. Siku niliyoona picha ya treni kwenye kitabu cha jiografia, chini yake pameandikwa stesheni, nilihisi nimeibiwa kitu.

Habari zenyewe nimeziokota vipande vipande. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, kwao vyakula vya mafuta vinatolewa kwa mgawo. Serikali yao ikaona dawa ni kulima karanga Tanganyika, mamilioni ya ekari, kwa matrekta. Maeneo yakawa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa ilipangwa iwe huku kusini. Ili karanga zitoke Nachingwea zifike baharini ilihitajika reli na bandari ya kina kirefu. Bandari ya Mtwara ilikuwa haijawa tayari, hivyo wakaanzia Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, mizigo ikishushwa kwa matishari. Mwaka 1949 reli ikafika Nachingwea.

Reli ikafika, karanga hazikufika. Baadhi ya matrekta yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, yakavunjikia kwenye visiki na mizizi. Kule Kongwa udongo ukikauka ulikuwa kama saruji, karanga zinabaki humo humo. Januari 1951 mpango ukatangazwa kufa na pauni milioni 36 za wakati ule zikafutwa vitabuni. Ajabu ni kwamba ujenzi haukusimama. Mwaka 1954 bandari ya Mtwara ikafunguliwa pamoja na reli yake, na mwaka 1958 wakaisogeza hadi Masasi. Reli ya kubebea karanga ilikuwa inarefuka miaka saba baada ya karanga zenyewe kuzikwa. Mimi nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, nimezoea kuona karatasi zikitembea zenyewe baada ya mwenye mzigo kufilisika, kwa hiyo hilo halinishangazi sana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda, mke mwenzangu huko mjini hakupikii?"

Bibi umri wake umeandikwa kwa reli. Nilikuwepo siku ya kujaza fomu ya kitambulisho cha taifa. Kijana aliyekuwa anaandika, mwenyeji wa huku huku, hakumuuliza mwaka. Alimuuliza, "Bibi, treni linafika ulikuwa unatambaa au unatembea?" Bibi akasema mama yake alimwambia alikuwa anatambaa, tena kuelekea kwenye moto. Wakaandika 1948. Nusu ya wazee wa pale nadhani wana miaka ya namna hiyo.

Leo tulikaa barazani akimenya ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, nikamuuliza aliuza nini pale stesheni. Nilitegemea atasema ndizi. Akasema ming'oko ya kuchemsha, kama hii, na karanga.

"Karanga, bibi?"

"Karanga. Za mama. Alikuwa na kishamba chake nyuma ya nyumba, pale penye mbuyu."

Nikacheka mpaka nikakohoa, yeye hakuona kichekesho. Kwake karanga zilikuwa karanga. Alinionyesha kwa mikono: unakunja jani la mgomba, unajaza, unanyanyua juu kwenye dirisha la behewa na mkono mwingine umeukinga tayari kupokea senti, maana treni likianza kutembea abiria wengine hujifanya wanatafuta chenji. Aliwahi kukimbia na behewa hadi mwisho wa jukwaa akidai senti zake kumi. "Alinirushia. Ikaingia kwenye kokoto. Niliitafuta mpaka jua likazama." Nilimuuliza kama aliipata. Alinitazama kama vile nimemtukana.

Hakuwahi kulipanda.

Kufungwa kwake hakusimulii sana. Reli yetu haikuungana na reli nyingine yoyote, mzigo ulikuwa haba, hasara kila mwaka, na mwaka uliofuata Uhuru ikafungwa kisha ikang'olewa. Bibi anakumbuka tu kwamba waliong'oa walikuja na treni lile lile, likirudi kinyumenyume kuelekea pwani huku wakichukua njia mbele yake. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa au ndivyo mtoto wa miaka kumi na minne alivyoona, ila picha hiyo imenikaa. Baada ya hapo kusini tulisubiri hadi 2003 kupata daraja la Mkapa pale Rufiji, na kabla yake masika yakishika, kwenda Dar ilikuwa safari ya kuaga ndugu.

Kilichobaki ni tuta. Njia ya kwenda shambani kwa mjomba inapita juu yake, ndiyo njia pekee kijijini iliyonyooka, nyingine zote zinakwepa mti wa mtu au kaburi la mtu. Na nyumbani kwa bibi lipo taruma moja la chuma, yale yanayolazwa chini ya reli kuzishikilia. Marehemu babu alilileta begani, kwa idhini au bila idhini hatuulizi. Limelazwa chali chini ya mwembe, lina umbo la mtumbwi, na bata hunywea maji humo. Pale zilipokuwa zinakaa reli mbili pana matundu. Babu aliyaziba kwa lami na vitambaa, na kila kiangazi lami ikiyeyuka bibi huziba upya, siku hizi kwa mifuko ya nailoni.

Nilimwambia kuna mazungumzo ya reli mpya, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kwenye makaa ya mawe na chuma. Nilimweleza kwa furaha, maana kila siku naona malori yanavyoitafuna barabara. Alimaliza kumenya ming'oko yake ndipo akaniuliza.

"Itasimama hapa?"

Nikasema reli za siku hizi zinakwenda kasi, vituo vinakuwa vichache.

"Basi waambie huko bandarini kwenu. Kama haisimami, wapitishe mbali. Bata wangu hawapendi kelele."

Akainuka kuongeza maji kwenye taruma. Linavuja tena. Wiki ijayo nampelekea lami.