Siku moja maishani mwangu: natoa mizigo mpakani Tunduma

Kabla ya yote, mimi sio kishoka. Kampuni iliyoniajiri ina leseni, mimi nina kitambulisho, na kazi yenyewe inaitwa uwakala wa forodha. Nasema mapema kwa sababu kila nikitaja kwamba nafanya kazi boda, mtu anasogeza kiti karibu na kunong'ona, "sasa dada, mimi nina kamzigo kangu kadogo..." Basi nawaletea siku yangu moja, Jumanne ya wiki iliyopita, muone tunachofanya huku.

Saa kumi na moja alfajiri

Ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Nimepanga chumba sio mbali na mpaka, na usiku simu yangu ikijisikia inadaka mnara wa Nakonde, mji wa Zambia ng'ambo ya mpaka. Zambia wako nyuma yetu saa nzima, kwa hiyo simu nayo inajirudisha nyuma, na alamu inalia Tunduma ikiwa tayari saa kumi na mbili. Ndo maana mkononi navaa saa ya kawaida ya betri isiyojua mambo ya mitandao, sema usiku naivua. Nikaoga maji ya kijasiri, baridi la huku mnalijua, nikatoka na sweta mbili.

Saa moja na nusu

Ofisini, chai na chapati mbili, mafaili manne mezani: saruji, sabuni, vigae na mchele. Matatu ya kwanza sina cha kuwaambia, nyaraka zilikuwa safi, nikaingiza kwenye mfumo, yakaenda. Mizigo mingi ndo iko hivyo, ila hakuna anayepiga picha mzigo uliopita vizuri.

Sasa nielezee kitu kimoja maana bila hiki hamtaelewa kilichonikuta mchana. Watu wakisikia soko huria wanadhani ni kupita tu, unapunga mkono unavuka. Tanzania na Zambia wote wako SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, itifaki yake ya biashara ilisainiwa Maseru mwaka 1996, na eneo huria lenyewe likazinduliwa Agosti 2008. Mzigo wetu unaingia Zambia bila ushuru wa forodha KAMA umezalishwa kwenye nchi za SADC, na utajulikanaje umezalishwa huku? Kwa karatasi moja inaitwa cheti cha uasilia. Hiyo karatasi ndo soko huria lenyewe. Ikikosekana, au ikiwa na shaka, unalipa kama mgeni yeyote. Na usiniletee cheti cha COMESA, ile jumuiya nyingine ya biashara ya mashariki na kusini mwa Afrika, kwa sababu jirani yako Mkenya amepita nacho. Kenya wamo COMESA na Zambia wamo, sisi tulijitoa mwaka 2000. Lori la Mkenya na lako yako foleni moja yanaenda Lusaka, lakini yanaingilia milango tofauti. Hili naulizwa kila wiki na kila wiki naelezea kama vile sijawahi kuelezea.

Saa tatu kwetu, saa mbili kwao

Nikavuka. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Oktoba 2019, walikuja hayati Magufuli na hayati Lungu aliyekuwa Rais wa Zambia wakati huo, mzigo unaotoka Tanzania unakaguliwa upande wa Nakonde tu, maafisa wa nchi zote mbili wako pale, na wa kutoka Zambia unakaguliwa kwetu. Zamani ulisimama huku ukamaliza, ukasimama kule ukaanza upya. Foleni bado zipo, siwadanganyi, malori ya shaba na matenki ya mafuta yakishajipanga unaweza kulia, ila walioanza kazi kabla yangu wakisimulia ilivyokuwa naona tumepona.

Nikasalimia, mwapoleni mukwai, nikaitikiwa kwa Kiswahili kama kawaida, Nakonde Kiswahili wanaongea kutuzidi. Nikakaa kusubiri mchele wangu. Tani 30, magunia 600 ya kilo hamsini hamsini, kutoka Ubaruku kule Mbarali. Cheti cha uasilia kipo, cheti cha afya ya mimea kipo, kibali cha kuingiza Zambia kipo. Nikajisemea leo narudi mapema.

Afisa akapanda kwenye lori, turubai likafunuliwa, akakaa kimya muda mrefu kidogo halafu akaniita. "Dada, cheti chako kinasema Tanzania. Mbona gunia linasema Thailand?"

Jamani. Nikapanda. Salfeti zimeandikwa vizuri kabisa kwa wino wa kijani, picha ya mnyama, na maneno kwamba ni zao la Thailand. Sio zote, tulipohesabu baadaye zilikuwa 83, zingine nyeupe tupu. Nikashuka nikampigia mwenye mzigo, mzee mmoja wa makamo, alikuwa Tunduma kwa mama ntilie anakula supu.

"Shikamoo mzee. Hizi salfeti za Thailand umetoa wapi?"

"Marahaba binti yangu. Si za mtumba, nilizipata bei poa, sasa mchele unaliwa na salfeti?"

Nikamwambia mzee njoo. Akaja, na hapo ndo siku yangu ilipoacha kuwa siku ya kawaida. Alianza taratibu, binti yangu hivi, mwanangu vile, ikafika mahali nikawa "we dada", mwishoni alikuwa ananiita "nyie watu wa mpakani" kama vile sipo. Alimwambia afisa achote mchele anuse, kwamba mchele wa Mbarali unajulikana kwa harufu, wa Thailand unanukia hivyo? Na kweli akachota kiganja akamsogezea afisa puani! Afisa naye mtu mpole, akanusa. Akasema unanukia vizuri mzee, lakini pua yangu sio nyaraka.

Na hapa niseme ukweli ingawa mzee akisoma atanuna: afisa alikuwa sahihi. Nilimwelezea mzee tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha tela, nikamwambia fikiria mtu analeta mchele wa Asia kwa meli mpaka Dar, anapata karatasi moja ya uongo, anaupitisha hapa bure kama wa Mbarali. Wewe uliyelima utauza kwa nani? Hicho cheti kinakulinda wewe. Akaniangalia, akasema, "sawa, lakini mimi sio huyo mtu." Sikuwa na jibu.

Afisa akatupa njia mbili. Tulipe ushuru halafu tudai baadaye, au tuthibitishe kwa vielelezo vingine na zile salfeti zibadilishwe mbele yake, maana hata mchele ukiwa halali hauwezi kuingia sokoni na maandishi ya uongo. Kulipa mzee hataki hata kusikia. Kwa hiyo vielelezo. Mzee, ulilipa ushuru wa mazao halmashauri? Nimelipa. Risiti? Anayo dereva. Dereva? Anayo tandiboi. Tandiboi yuko wapi? Ameenda kuchaji simu. Nikamtafuta huyo kijana Nakonde nzima kwenye vibanda vya kuchaji, jua limeshapanda na mimi nina sweta mbili, nikamkuta anacheza drafti. Risiti alikuwa amefungia maandazi. Ina mafuta, lakini namba inasomeka, tarehe inasomeka, na uzito ni ule ule tani 30. Niliikunja kama naibeba hati ya nyumba.

Halafu nikapiga simu kwa ofisi iliyotoa cheti, wathibitishe kwa maandishi namba ya cheti. Mhusika ametoka kula. Kwetu saa saba imeshafika, kwa hiyo nikasubiri. Huyo wa kwetu aliporudi na kutuma barua pepe, upande wa pili nao saa saba yao ikawa imeingia, wakatoka kula. Yaani mikataba yote hii, wakuu wamekaa Maseru, wamekaa Kigali 2018 kusaini lile soko la Afrika nzima, hakuna aliyewaza kuhusu saa ya ugali.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoanza kubadilisha. Salfeti mpya nilimtuma boda akazinunue Tunduma, makuli sita wakapatana bei na mzee kwa kelele, na mimi nikasimama pale nahesabu, moja, mbili, mpaka 83, maana ikipungua hata moja makaratasi yote yanaanza upya. Vumbi la mchele lilinijaa kichwani mpaka kuli mmoja akaniita bibi. Katikati ya kuhesabu rafiki yangu wa Kasumulu, anafanya kazi kama yangu mpaka wa Malawi, akanipigia kulalamika mambo yake, nikamwambia nipo kwenye hamsini na tatu usinipotezee. Akacheka. Yeye ana haki ya kulalamika, Machi 2025 Malawi walizuia bidhaa zetu kadhaa mchele ukiwemo, Aprili na sisi tukazuia mazao yao, kwa siku chache tu kabla wakubwa hawajaelewana, lakini muulize mwenye lori la ndizi siku chache ni ngapi.

Jua likawa linazama. Afisa akapita gunia kwa gunia, akasaini. Geti likafunguliwa na lori likaondoka na dereva wake asiye na habari, alikuwa amelala muda wote.

Mzee hakusema asante. Alinipa mkono tu, akaushika kidogo zaidi ya kawaida, akaanza kuondoka, halafu akageuka kunitazama nilivyokuwa nazikusanya zile salfeti za kijani nizitupe.

"Aaah binti, usizitupe hizo. Nina gunia nyingine mia mbili nyumbani hazijafungwa."