Kinyonga wa Meru niliyemkuta Hamm

Jumamosi nilienda Hamm, Ujerumani, kwenye yale maonyesho makubwa ya reptilia, sijafika hata meza ya tatu nikamwona kinyonga wa Meru, yule mdogo mwenye pembe tatu wa Mlima Meru kule Tanzania, yuko kwenye kiboksi cha plastiki ananiangalia. Jamani, nikapakumbuka nyumbani ghafla.

Ila usinunue kwa huruma. Mimi naanza na macho, yawe yametokeza na yanazunguka huku na huku, ukiona yamebonyea au kafumba mchana kweupe ujue ana kiu au anaumwa, mwache. Halafu akishika kidole chako akikamate kwa nguvu, na miguu iwe imenyooka, ikipinda mara nyingi ni kalsiamu imepungua. Wale wa Yemen dume unamjua hata akiwa mtoto kabisa, ana kinundu nyuma ya mguu wa nyuma, jike hana. Wa Madagaska akiwa mdogo huwezi kujua rangi atakayotoa, omba picha ya baba yake.

Swali langu kubwa ni kazaliwa wapi. Tanzania ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje mwaka 2016, so wa Meru namtaka aliyezaliwa kwa mfugaji, na karatasi ziwepo. Muuzaji wa kwanza akaanza kuzungusha maneno, nikaondoka. Wa pili akanionyesha karatasi na wazazi wa huyo kinyonga, nikachukua dume mmoja tu, maana hawa ukiwaweka wawili pamoja wanateseka.