Siku moja kwenye pasheni zangu, Uyole, Mbeya

Saa 12 asubuhi. Ukungu wa Milima ya Uporoto haujaondoka, koti lazima. Pasheni ya zambarau haimsubiri mtu: ua hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limejifunga moja kwa moja. Napita mstari kwa mstari nikiangalia waya zimebeba maua kiasi gani.

Saa 2. Jua likishika, wanaingia nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao. Nawapenda mno. Nyuki mdogo mara nyingi hunyonya mbochi na kuondoka bila kugusa sehemu za juu za ua, ila huyu mgongo wake husugua chavua na kuihamisha. Zambarau hujichavusha yenyewe, lakini nyuki wakiwepo hushika matunda mengi zaidi. Kwa ajili yao nimeacha magogo makavu kando ya shamba. Majirani wakiomba kuni, hayo siyatoi.

Saa 4. Kupogolea, na hapa ndipo shamba linapopona au kufa. Pasheni huzaa kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo tawi lililokwisha kuzaa linapunguzwa ili mwanga na hewa vipenye. Kijana ninayefanya naye kazi ananiita: "Kaka, hili nalo nikate?" Namwambia kata, ila kwanza chovya mkasi kwenye maji ya klorini. Kila mmea, bila kuchoka! Kirusi kinachofanya tunda liwe gumu kama ubao husafiri kwa utomvu ulioganda kwenye mkasi, na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, nao hukisambaza. Leo tumekuta mche wenye majani yenye mabaka ya njano, yamejikunja. Ulikuwa na maua mengi. Tumeung'oa na kuuchoma.

Saa 7, ugali na maharage.

Saa 8. Kubebesha miche. Shina la chini ni pasheni ya njano, inayovumilia mnyauko wa fangasi wa udongoni. Juu napachika kikonyo, yaani kitawi, cha zambarau, inayopenda baridi yetu. Wembe mkali, kata kama kabari, funga kwa nailoni, weka kivulini. Ukinunua miche, muulize muuzaji imebebeshwa juu ya nini.

Saa 10. Kuokota. Tunda lililoiva huanguka lenyewe, miezi miwili hadi mitatu tangu ua. Mama anayeuza juisi sokoni Mwanjelwa anapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee yaliyosinyaa."

Anajua kazi yake. Wenye maduka wanataka laini yanayong'aa, lakini lililosinyaa kidogo ndilo tamu.

Saa 12 jioni. Nyuki wameshaondoka, sasa ndiyo napuliza maji ya sabuni kwenye machipukizi yenye vidukari. Asubuhi sipulizi kitu chochote. Mistari yenye vidukari naiandika kwenye daftari, kesho kijana aanzie hapo.